Maswali ya Wasomaji: Kuunganisha Nyumba na Duka kwa VPN ya Ruta Mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tunaishi Mbezi, Dar es Salaam, ambako tuna intaneti ya faiba, na tuna duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro linalotumia ruta ya 4G yenye laini ya simu. Dukani kuna kinasa cha kamera na kompyuta yenye hesabu za stoo. Ningependa kutumia VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti: ruta ya nyumbani iwe seva yake na ruta ya dukani iwe mteja, ili tukiwa nyumbani tuone kamera na tufungue hesabu bila kusakinisha kitu kwenye kila simu na kila kompyuta. Fundi mmoja ameniambia nifungue tu poti za kinasa kwenye ruta ya dukani na kazi itakuwa imekwisha. Nianzie wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa fundi huyo usiufuate. Kufungua poti ya kinasa, yaani mlango wake wa mtandao, ni kukiweka wazi mbele ya dunia nzima, na vinasa vingi hutoka kiwandani vikiwa na nywila inayojulikana na programu ambayo mtengenezaji huacha kuisasisha baada ya miaka michache. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka idadi kubwa ya kamera na vinasa vya namna hiyo kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, na Oktoba 21 mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyosaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, hata tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Zaidi ya hayo, kwenye laini ya simu poti hiyo huenda isifunguke kabisa, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde. Wazo lako la ruta mbili ndilo sahihi.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kama nyumba ya Mbezi ina anwani ya IP ya umma, yaani namba ya mtandao inayofikika kutoka popote kwenye intaneti, kwa kuwa jambo hilo ndilo linaloamua mengine yote. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta, tafuta sehemu iliyoandikwa WAN, yaani upande wa intaneti, na unakili anwani iliyomo. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya nje. Zikifanana, unayo anwani ya umma. Ikiwa ile ya WAN inaanza na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, uko nyuma ya CGNAT, yaani utaratibu ambao mtoa huduma huwapitisha wateja wengi katika anwani moja ya nje. Fungu hilo la anwani lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2012. Ikianza na 10, au na 172.16 hadi 172.31, au na 192.168, nayo si ya umma, ingawa 192.168 mara nyingi huonyesha kwamba kuna kifaa cha mtoa huduma mbele ya ruta yako, na kifaa hicho unaweza kuomba kiwekwe katika hali ya daraja (kipitishe tu intaneti hadi kwenye ruta yako) au wewe mwenyewe ukielekeze kipitishe poti moja hadi kwenye ruta yako.

Laini za simu kwa kawaida ziko nyuma ya CGNAT. Ndiyo maana duka linafaa kuwa mteja na nyumba kuwa seva: mteja ndiye anayeanzisha mazungumzo, kwa hiyo hahitaji kufikiwa kutoka nje, lakini seva lazima ifikike. Watu wengi huchagua mahali pa seva kwa kufuata walipo wenyewe au ilipo ruta nzuri zaidi, kisha hupoteza siku nzima wakihangaika na funguo na nywila zisizo na kosa lolote. Ukikuta kwamba hata nyumbani huna anwani ya umma, mwombe mtoa huduma wako wa faiba akupe anwani tuli, ambayo mara nyingi hulipiwa kila mwezi. Akikataa, kodi seva ndogo iliyoko mtandaoni yenye anwani yake ya umma, na ruta zako zote mbili ziwe wateja wake. Ipo pia huduma ya Tailscale, inayojitafutia njia ya kupita katikati ya CGNAT mbili na kutumia seva za kupokezana pale njia ya moja kwa moja inaposhindikana, lakini hapo utategemea mfumo wa kampuni nyingine kupanga mawasiliano yako.

Jambo la pili, ambalo nalo lifanyiwe kazi kabla ya kugusa VPN, ni kutenganisha namba za mitandao miwili. Ruta nyingi za 4G za Huawei hutoka na anwani 192.168.8.1, na za GL.iNet vivyo hivyo. Zenye programu ya OpenWrt huanza na 192.168.1.1, na za MikroTik na 192.168.88.1. Nyumba na duka zikitumia mfululizo mmoja wa anwani, kompyuta ya sebuleni ikitafuta kinasa chenye anwani 192.168.8.10 itadhani kimo humo humo nyumbani, na pakiti, yaani kipande cha data, haitafika hata mlangoni mwa VPN. Ipe nyumba mfululizo wa 192.168.40.0/24 (anwani zote zinazoanza na 192.168.40) na duka 192.168.50.0/24, kisha upitie vifaa vyote vyenye anwani zilizoandikwa kwa mkono: kinasa, printa, kompyuta ya hesabu. Kinasa kipewe, tuseme, 192.168.50.10, na sehemu ya lango (gateway), yaani anwani ya ruta ya duka, iandikwe 192.168.50.1. Lango hilo husahauliwa mno. Bila hilo kinasa kitalipokea ombi kutoka Mbezi lakini hakitajua pa kulipeleka jibu, nawe utailaumu VPN bure.

Kuhusu itifaki, yaani lugha ya VPN ambayo ruta zitazungumza, nakushauri utumie WireGuard. Iliingizwa rasmi katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, msimbo wake wa awali ulikuwa wa takriban mistari 4,000 tu, na kwenye kichakataji kidogo cha ruta huenda kasi kuliko OpenVPN, ambayo imekuwapo tangu 2001 na bado ni salama, ila ruta za bei nafuu huelemewa nayo. WireGuard imo ndani ya ruta za MikroTik zenye RouterOS 7, imo ndani ya GL.iNet, na huongezwa kwa urahisi kwenye OpenWrt. Ruta yako ya 4G ikiwa haina uwezo huo, usiitupe: iache ilete intaneti tu, weka ruta mpya nyuma yake, na vifaa vyote vya duka viunganishwe kwenye hiyo mpya.

Kila ruta hutengeneza ufunguo wake wa faragha, ambao hautoki nje ya ruta hiyo, na ufunguo wa umma, ambao unaupeleka upande wa pili. Upande wa Mbezi, kiolesura cha WireGuard, yaani sehemu ya ruta inayoshughulikia VPN, kipewe anwani 10.77.0.1, kisikilize poti 51820 ya UDP, na faiwoli (kinga ya ruta) iruhusu poti hiyo peke yake kutoka nje. Upande wa Morogoro kipewe 10.77.0.2. Sehemu inayoitwa AllowedIPs ndiyo inayowachanganya wengi, maana hufanya kazi mbili kwa pamoja: inaieleza ruta ni anwani zipi zipelekwe kwa mwenzake, na vilevile ni anwani zipi zikubaliwe zikitoka kwake. Kwa hiyo, kwenye ruta ya Mbezi, chini ya mwenzake wa Morogoro, andika 10.77.0.2/32 (anwani hiyo moja tu) na 192.168.50.0/24, kwenye ruta ya Morogoro andika 10.77.0.1/32 na 192.168.40.0/24. Usiandike 0.0.0.0/0 dukani isipokuwa unataka intaneti yote ya duka ipitie nyumbani, jambo ambalo katika hali yako lingemaliza bando bila faida. Duka liwekewe pia agizo la kutuma pakiti ndogo kila baada ya sekunde 25, ili CGNAT isije ikaifunga njia wakati kuna ukimya, nanyi mkashindwa kulifikia duka kutoka nyumbani.

Hakikisha pia kwamba faiwoli za ruta zote mbili zinaruhusu pakiti kupita kati ya kiolesura cha WireGuard na mtandao wa ndani. Ikiwa anwani ya nyumbani ni ya umma lakini hubadilika, tumia jina la kikoa linalojisasisha, yaani jina linaloifuata anwani kila inapobadilika. MikroTik hutoa lake, na huduma ya DuckDNS hutoa bure.

Sasa nitakaa kidogo kwenye suala la umeme, kwa sababu hapo ndipo mifumo mingi iliyofungwa vizuri huharibika kimyakimya. WireGuard hulitafuta jina la kikoa pale tu inapoanza. Umeme ukikatika Mbezi na ruta ikarudi na anwani mpya, ruta ya Morogoro inaweza kuendelea kubisha hodi kwenye anwani ya zamani kwa siku nzima. Kwenye OpenWrt kuna hati ndogo inayoitwa wireguard_watchdog, ambayo ukiipangia kuendeshwa kila dakika hulitafuta jina upya pindi njia inapokufa. Kwenye ruta nyingine unaweza kupanga kazi ya kuzima na kuwasha upya muunganisho kila unapokosa jibu. Tatizo la pili ni saa. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa, kwa hiyo umeme ukirudi Morogoro ruta huamka na tarehe ya nyuma. Na kwa kuwa WireGuard hukataa salamu (ujumbe wa kufungua mazungumzo) yenye muda uliopitwa na ile iliyopokelewa mwisho, ili mtu asije akarudia pakiti alizozinasa, ruta ya nyumbani itaikataa ya duka mpaka saa irekebishwe kupitia intaneti. Kwa kawaida hili hujirekebisha lenyewe ndani ya dakika chache. Lakini ukiwa umeelekeza kila kitu ndani ya VPN, hata maombi ya saa nayo yatasubiri VPN, huku VPN ikisubiri saa, na hakuna kitakachosogea. Hiyo ni sababu nyingine ya kuikwepa 0.0.0.0/0.

Ukijaribu, jaribu kwa utaratibu. Angalia muda wa salamu ya mwisho kwenye ukurasa wa WireGuard: data ikiwa inapita, haipaswi kuzidi dakika mbili au tatu hivi. Ukiona baiti zilizotumwa zinaongezeka na zilizopokelewa ni sifuri, tatizo liko kwenye anwani, poti au ufunguo. Salamu ikiwepo lakini kinasa hakifunguki, rudi kwenye AllowedIPs, faiwoli na lile lango. Na kurasa ndogo zikifunguka huku picha za kamera zikikwama, punguza MTU ya kiolesura, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kutoka 1420 hadi 1380, na ikibidi 1280.

Kuhusu kasi, unapotazama kamera ukiwa Mbezi, kinachokubana ni kasi ya kupakia ya laini ya Morogoro, na laini za 4G hupakia taratibu kuliko zinavyopakua. Kamera moja ya 1080p inaweza kuhitaji megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde, kwa hiyo chagua mkondo mdogo wa kinasa kwa utazamaji wa kila siku, na mkondo mkuu uufungue pale tu unapotaka kukagua tukio.

Mwisho, usiliruke suala la sheria. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN kuwasilisha taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Duka ni biashara. Wasiliana na Mamlaka ujue unachotakiwa kuwasilisha sasa, nawe ufanye kazi yako bila wasiwasi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi Dubai na familia yangu iko Mombasa. Nikiweka ruta ndogo chumbani kwangu iwe mteja wa VPN ya nyumbani, je, hakuna atakayejua ninachofanya mtandaoni?
Msomaji, Dubai

JIBU: Dada yetu, hapana, wapo watakaojua. VPN ya nyumbani huficha yaliyomo kati ya chumba chako na Mombasa tu. Mtoa huduma wa Dubai ataona kwamba una mawasiliano ya siri na anwani fulani ya Kenya, saa ngapi na kwa kiasi gani. Na kuanzia Mombasa kila unachofanya kitatoka kwa jina la aliyejisajili huko, yaani wazazi wako au mume wako, nao ndio watakaoulizwa likitokea la kuulizwa. Hilo uwaeleze kabla.

Sheria ya Umoja wa Falme za Kiarabu nayo inaadhibu matumizi ya anwani ya IP ya kujificha kwa ajili ya kutenda kosa au kulizuia lisigundulike, na faini yake huanzia dirhamu 500,000 hadi 2,000,000. Kufungua picha za familia zilizohifadhiwa nyumbani ni jambo moja. Kukwepa huduma zilizozuiwa huko, zikiwemo simu za sauti za baadhi ya programu, ni jambo jingine, na sitakushauri ulifanye. Kwa mazungumzo na watoto tumia programu zilizoidhinishwa huko. Ruta ukiiweka, iwekee AllowedIPs ya mtandao wa nyumbani pekee, intaneti yako nyingine iendelee kutoka Dubai kama kawaida.

SWALI: Ndugu Mhariri, ruta yangu ya zamani ina VPN ya PPTP. Haitoshi kwa nyumbani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Mwaka 2012 watafiti walionyesha hadharani kwamba njia ya utambulisho inayotumiwa na PPTP, iitwayo MS-CHAPv2, huvunjwa kwa uhakika ndani ya siku moja, hata nywila iwe ndefu kiasi gani, na tangu wakati huo si ya kuaminiwa kwa faili yoyote unayoijali. Angalia kama modeli ya ruta yako imo katika orodha ya vifaa vinavyopokea OpenWrt; ikiwemo, na ina walau megabaiti 16 za hifadhi na 128 za kumbukumbu, unaweza kuipa programu mpya na WireGuard bila kununua kifaa kingine. Ikiwa haimo, zima PPTP leo, na ruta hiyo uitumie kusambaza Wi-Fi ya chumba cha nyuma, ikiwa nyuma ya ruta nyingine inayopokea masasisho.