Maswali ya Wasomaji: "Gloria" Mbili kwenye Harusi Moja

SWALI: Napiga muziki kwenye harusi na sendofu hapa Mwanza. Wazee huniomba "Gloria". Kwenye fleshi ninazo mbili: ya mwanamume kwa Kiitaliano na ya mwanamke kwa Kiingereza. Ipi ilitangulia? Na kila nikiziunganisha, midundo inaanza pamoja halafu inapishana. Nakosea wapi? – DJ, Kirumba

JIBU: Ya Kiitaliano ndiyo ya kwanza. Umberto Tozzi aliitunga pamoja na Giancarlo Bigazzi, ikatoka mwaka 1979. Mmarekani Laura Branigan aliirudia mwaka 1982, ikapanda hadi namba 2 kwenye chati ya Billboard Hot 100 na kudumu humo wiki 36. Kama umeona vinanda vinafanana, masikio yako yako sawa: Greg Mathieson alishiriki rekodi zote mbili, na hiyo ya pili aliitayarisha akiwa na Mjerumani Jack White. Maneno ndiyo yaliyogeuzwa kabisa. Tozzi anamwota mwanamke. Branigan anamsema mwanamke anayekimbizana na maisha hadi anajipoteza. Wazee wakiomba "Gloria", mara nyingi wanamaanisha ya Branigan, ambayo pia imo kwenye filamu ya Flashdance ya 1983. Ya Tozzi tungeipiga watu wakiwa bado kwenye pilau.

Sasa midundo. Usiiamini moja kwa moja namba ya tempo (idadi ya mapigo kwa dakika) inayotolewa na programu ya kuchanganya nyimbo. Wakati mwingine husoma nusu, 65 badala ya 130. Hesabu mwenyewe, na uhesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 tu ukazidisha kwa 4, pigo moja ulilokosea linageuka mapigo manne kwa dakika. Na hata tofauti ya pigo moja kwa dakika si ndogo: baada ya sekunde 30 ngoma ya wimbo mmoja inaangukia katikati kabisa ya mapigo ya mwingine. Hapo ndipo wachezaji wanaposimama na kukutazama.

Kuna la pili. Rekodi nyingi za disko za miaka ile zilipigwa na wanamuziki wenyewe, na mkono wa binadamu hukaza na kulegea. Ukipanga kwenye programu alama za mapigo mwanzoni mwa wimbo, zikague tena sehemu utakapotoka kwenda wimbo mwingine, siyo mwanzo peke yake. Kisha usizibebanishe muda mrefu. Mapigo 16 yanatosha, tena pale pasipo na sauti ya mwimbaji, maana Kiitaliano na Kiingereza vikipandana ni kelele tupu.

Ukirekebisha kasi bila kufunga ufunguo wa sauti (yaani kuzuia sauti isipande wala kushuka kasi ikibadilika), kila asilimia 6 inapandisha au kushusha wimbo kwa karibu nusu toni. Tofauti ya kasi ikizidi asilimia 4, tunashauri uache kuunganisha: maliza mmoja, mwachie MC aseme maneno mawili, anza mwingine.

Na kwenye bustani za ufukweni, kama za Luchelele, angalia spika zako ziko wapi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 15 kutoka mezani kwako, unaisikia ikiwa imechelewa sekunde 0.04, karibu sehemu ya kumi ya pigo kwa tempo ya 130. Ukilinganisha wimbo wa kwenye hedifoni na ule wa spika ya mbali, utakosea hata ukiwa na sikio zuri. Weka spika ndogo pembeni yako, au sikiliza nyimbo zote mbili kwenye hedifoni.

SWALI: Tumebishana kijiweni: "Rivers of Babylon" si ya Boney M? – Msomaji, Igoma

JIBU: Si yao. Ni ya The Melodians wa Jamaika, ya mwaka 1970, na maneno yake mengi yametoka Zaburi ya 137. Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani na Frank Farian, waliirudia mwaka 1978, na hiyo ndiyo iliyoshika namba 1 Uingereza.