Injini ya rotari ikifa: kuifungua upya au kuweka nyingine

Mwenye gari la injini ya rotari, ile inayotumia rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni, akiambiwa na fundi kwamba injini imekwisha, jambo la kwanza analouliza ni bei: kuifungua na kuifunga upya itagharimu kiasi gani, na kununua nyingine itagharimu kiasi gani. Nimewahi kumiliki RX-7 ya Mazda yenye tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, na baadaye RX-8 ya kampuni hiyohiyo, na magari yote mawili yalinifikisha kwenye uamuzi huo. Ushauri wangu kwa wanaoniuliza ni kwamba bei ije mwishoni. Kwanza ijulikane injini imekufaje, kwa sababu namna ilivyokufa ndiyo inayoonyesha kama vyuma vilivyobaki ndani yake vinafaa kutumika tena, na bila kujua hilo bei yoyote utakayotajiwa ni ya kukisia.

Kabla ya hapo, hakikisha kwamba injini imekufa kweli. RX-8 iliyowashwa asubuhi, ikasogezwa hatua chache na kuzimwa kabla haijapata moto, inaweza kukataa kuwaka tena kwa sababu tu petroli imezidi ndani na plagi zimelowa. Dawa yake ni kukanyaga mafuta hadi mwisho huku stata ikizunguka, kwani katika gari hilo kufanya hivyo hukata petroli na kuruhusu hewa ikaushe vyumba vya kuchomea petroli. Ikishindikana, plagi hutolewa na kukaushwa. Koili zilizochoka, betri dhaifu, stata inayozunguka polepole na kichujio cha ekzosi kilichoziba navyo hupunguza nguvu au kuleta ugumu wa kuwaka unaofanana kabisa na ule wa injini iliyochakaa. Nimeona injini nzima ikishushwa kutoka kwenye gari ambalo lilihitaji koili na plagi tu, na aliyelipia kazi hiyo ni mwenye gari.

Ukishavuka hapo, pima mgandamizo, yaani jinsi vyumba vinavyoweza kuibana hewa, na upime kwa kifaa cha rotari. Injini ya 13B, iliyomo kwenye magari hayo mawili, ina rota mbili za pembe tatu, na kila rota ina pande tatu zinazopita kwa zamu mbele ya plagi zilezile. Geji ya kawaida ya injini ya pistoni hushika namba kubwa kuliko zote na kuficha nyingine mbili, hivyo rota yenye upande mmoja mzima na miwili mibovu inaweza kuonekana salama. Kifaa cha rotari hutoa namba tatu kwa kila rota, sita kwa jumla, pamoja na kasi ambayo stata ilikuwa ikizungusha injini, na namba hizo hurekebishwa zilingane na mizunguko 250 kwa dakika. Kwa RX-8, kiwango cha chini kinachokubalika ni kilopaskali 680 katika kasi hiyo. Upimaji ufanywe injini ikiwa na moto wake wa kawaida na betri ikiwa imejaa, vinginevyo utakuwa umeipima betri.

Namba hizo sita husema mengi zaidi ya kufaulu au kufeli. Kila sili ya ncha, yaani ule ukanda mwembamba wa chuma uliopachikwa kwenye pembe ya rota, hutenganisha vyumba viwili vilivyo jirani. Kwa hiyo sili moja ikivunjika, pande mbili za rota hiyo hushuka kwa pamoja na wa tatu hubaki mzuri. Sikio lenyewe husikia: injini nzima ikizungushwa na stata hupumua kwa mapigo yaliyolingana, ilhali ile iliyovunjika sili hupiga pigo moja lenye nguvu kisha hulegea kabla ya pigo linalofuata. Pande zote tatu zikishuka kwa kiasi kinachokaribiana, mara nyingi ni uchakavu wa kawaida wa sili, za ncha na za pembeni zinazoziba ubavu wa rota, na injini ya namna hiyo huwa imetoa dalili kwa muda mrefu, hasa kukataa kuwaka ikiwa ya moto ilhali ya baridi inawaka.

Hapa ndipo vifo vinapotofautiana. Injini iliyochakaa polepole, iliyozimwa mapema kabla haijaanza kujila, ni mgombea mzuri wa kufunguliwa. Iliyopoteza sili za maji, zile za mpira zinazozuia maji ya kupoza, zilizo kati ya nyumba za rota (maganda ambamo rota huzunguka) na kuta za chuma za pembeni, nayo inaweza kuwa mgombea mzuri, ilimradi haikuendeshwa ikiwa imechemka. Dalili zake ni maji kupungua bila kuvuja nje, mapovu kwenye rejeta, na moshi mweupe pamoja na kutetemeka wakati wa kuwaka asubuhi, kwa kuwa maji yameingia chumbani usiku. Kifo cha tatu ndicho kibaya: mlipuko wa petroli usio wa wakati wake, ambao ni tishio kubwa kwa injini za tabo. Petroli ikiwa pungufu au hewa ikisukumwa kupita kiasi, sili ya ncha hupasuka mara moja, na vipande vyake huzungushwa ndani na kukwaruza kila kinachogusika kabla ya kutoka kupitia ekzosi na kugonga panga za tabo.

Ukweli wote huonekana injini ikifunguliwa. Nilisimama karibu na fundi alipokuwa akifungua ile ya RX-7, naye, baada ya kutoa boliti ndefu zinazobana mkusanyiko wote, alikuwa akiinua kipande kimoja kimoja na kukipangusa kabla ya kusema neno. Alichokuwa akikitafuta ni krome. Nyumba ya rota ni ya aluminiamu, na ndani yake kuna uso wa chuma uliopakwa krome ambao sili za ncha huteleza juu yake. Pitisha ukucha kwenye kingo za uso huo na kuzunguka matundu ya plagi: ukikwama mahali krome ilipobanduka, au ukahisi mtaro uliochongwa kutoka upande hadi upande, nyumba hiyo imekwisha. Silinda ya pistoni iliyolika huchongwa ikawekewa pistoni kubwa zaidi, lakini rota haina saizi kubwa ya kuwekwa badala yake, na krome si kitu ambacho gereji ya kawaida inaweza kukirudisha. Kuta za pembeni ni afadhali, kwa sababu zikilika kidogo zinaweza kusawazishwa na karakana yenye mashine na ujuzi wa kazi hiyo. Rota zenyewe hukaguliwa kama zina mabonde yaliyopigwa na vipande vya sili na kama mifereji inayoshika sili imepanuka.

Kwa hiyo hesabu ya kufungua haimo kwenye seti ya sili na mipira, ambayo hununuliwa mpya kwa vyovyote vile. Imo kwenye vyuma vikubwa. Nyumba zote mbili zikiwa nzima, naifungua injini yangu bila kusita, kwa kuwa naijua historia yake. Nyumba moja ikiwa imeharibika na kuta ni nzuri, bado inafaa kupiga hesabu. Zikiharibika zote mbili, na rota moja imeumia, basi unachojenga ni injini mpya kwa kununua kipande kimoja kimoja, na hapo nyingine iliyo kamili huwa na maana zaidi. Kubaliana na fundi mapema kwamba ataifungua, akuonyeshe, kisha ndipo mtaongea bei ya mwisho. Anayetaja bei kamili kabla ya kuiona krome ama ameijumlisha hasara yote ama atavitumia tena vyuma vibovu.

Fundi mwenyewe ni sehemu ya uamuzi. Fundi hodari wa pistoni si lazima awe hodari wa rotari. Muulize anapimaje mchezo wa shafti kuelekea mbele na nyuma, ambao kwa kawaida unatakiwa kuwa kati ya milimita 0.04 na 0.07, na anatumia sili za ncha za aina gani. Asipokuwa na jibu la haraka kwa swali la kwanza, mtafute mwingine hata kama yuko mbali.

Injini ya mtumba ndiyo njia inayovutia wengi, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Mazda ilimaliza kutengeneza RX-7 mwaka 2002 na RX-8 mwaka 2012, kwa hiyo mpira wa sili za maji ndani ya injini hizo kwa kawaida una umri huo au zaidi hata kama mita ya gari ilikotoka inasoma kilomita chache. Mita yenyewe haisemi kitu cha uhakika: RX-8 nyingi ziliwahi kubadilishiwa injini, na huko Marekani kampuni iliongeza dhamana ya injini za magari ya mwaka 2004 hadi 2008 kufikia miaka 8 au maili 100,000. Ukilazimika kununua mtumba, nunua namba sita za mgandamizo zilizopimwa mbele yako au kwenye video inayoonyesha kifaa, kasi ya stata na namba ya injini. Maneno ya muuzaji kwamba ilikuwa inawaka vizuri hayana uzito, kwani hata injini inayokaribia kufa huwaka vizuri ikiwa baridi.

Iliyojengwa upya na karakana maalumu na kuuzwa na dhamana ni njia nzuri kwa anayelitegemea gari kila siku, kwa sababu gari halilali gereji likisubiri vyuma. Soma tu masharti ya kumkabidhi muuzaji injini yako ya zamani, maana wauzaji wengi hukata fedha ikiwa nyumba za rota zake zimevunjika, na hapo kile kifo cha tatu hukugharimu tena. Kuhusu kuweka injini ya pistoni badala yake, wapo wanaofurahia matokeo, ila hiyo ni kazi ya kulijenga gari upya, kuanzia vishikizo vya injini hadi gia na nyaya, na haifai kuchukuliwa kama njia ya kupunguza gharama.

Njia yoyote utakayochagua, injini isishuke ndani ya gari kabla ya kilichoua ya kwanza kupatikana. Rejeta iliyoziba, koili dhaifu, pampu ya petroli iliyochoka na pampu ndogo inayodondosha oili kwenye vyumba ili kulainisha sili za ncha vikaguliwe vyote. Baada ya sili kupasuka, kipoza oili kisafishwe kikamilifu au kibadilishwe, na kichujio cha ekzosi kifunguliwe, kwa sababu kikiziba huzuia moto kutoka na kuipika injini mpya. Kisha mwambie fundi kwamba malipo ya mwisho yatatolewa injini ikishatembea kipindi chake cha kuzoea na kupimwa tena, namba zote sita zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi yenye sahihi yake.