Maswali Yenu: Hip hop, Bronx na santuri mbili

SWALI: Ndugu mhariri, kila tarehe 11 Agosti tunaambiwa ni siku ya kuzaliwa ya hip hop. Muziki unazaliwaje siku moja? Na kwa nini Bronx, wakati Harlem, mtaa mwingine wa New York, ndiko Wamarekani Weusi walikokuwa na kumbi na wanamuziki tangu zamani?

JIBU: Tarehe hiyo ni ya sherehe moja tu. Mwaka 1973 Cindy Campbell aliandaa dansi katika chumba cha burudani cha jengo la makazi namba 1520, Sedgwick Avenue, huko Bronx, ili apate fedha za nguo za shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na 50 kwa wavulana. Mpiga santuri alikuwa kaka yake, Clive, yaani DJ Kool Herc, aliyetoka Kingston, Jamaika, na kuhamia New York mwaka 1967. Kwao Jamaika, kupanga maspika makubwa na kuchombeza wachezaji kwa kipaza sauti kulikuwa jambo la kawaida.

Kuhusu Bronx, anza na barabara kuu ya Cross Bronx, iliyoanza kujengwa mwaka 1948. Ilipasua mitaa katikati na kuzihamisha familia nyingi. Wenye majumba wakaacha matengenezo, na wengine wakayachoma moto wenyewe wapate bima. Vijana waliobaki wakagawana mitaa kwa magenge. Desemba 1971 viongozi wa magenge walikutana Hoe Avenue wakapatana. Jambo hili halitajwi vya kutosha: kabla ya hapo, kijana kuvuka mtaa kwenda dansi ilikuwa kuhatarisha maisha.

Wengi husema hip hop ilitokana na shule kufutiwa masomo ya muziki. Miaka haikubali. Masomo hayo yalifutwa jiji lilipokaribia kufilisika mwaka 1975, na Herc alikuwa ameshaanza. Kilichosukuma zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba klabu za disko za Manhattan, katikati ya New York, zilitaka fedha na umri, ilhali mtaani palitosha santuri za wazazi, maspika, na umeme uliovutwa kutoka nguzo ya taa.

SWALI: Nina mashine mbili za kupigia santuri na nakala mbili za santuri moja. Nataka kurefusha kile kipande ambacho waimbaji hunyamaza na kubaki ngoma tupu, kama alivyofanya Herc. Kila nikirudia nachelewa, au sindano inaruka. Nakosea wapi?

JIBU: Kuchelewa kulimsumbua hata Herc, maana alikuwa akiinua sindano na kuitua kwa kukadiria kwa macho. Joseph Saddler, yaani Grandmaster Flash, ndiye aliyetafuta dawa: hakuinua sindano, alihesabu mizunguko.

Santuri ya kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una pigo kila sekunde 0.6, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mapigo matatu kamili. Kipande cha mapigo 16 ni mizunguko mitano na theluthi. Tafuta pigo la kwanza, simamisha santuri hapo, kisha chora mstari kwa kalamu ya nta juu ya lebo, uelekee kwenye sindano. Nakala ya kwanza ikiwa inalia, rudisha ya pili mizunguko hiyo mitano na theluthi, huku sikio moja likiwa kwenye hedifoni. Mstari ukirudi mahali pake, shikilia. Pigo likifika, achia kwa kuisukuma kidogo, na mkono wa pili uhamishe sauti kwenda mashine ya pili, kwa kitelezi cha mixer, wakati huohuo. Usiposukuma, santuri huanza polepole na pigo la kwanza hulegea.

Kama bado unachelewa, tazama mashine. Ya mkanda wa mpira haifai: ukishika santuri, sahani inayozunguka chini yake nayo inapunguza kasi. Unahitaji ile ambayo mota inazungusha sahani moja kwa moja, kama Technics SL-1200. Ondoa pia mkeka wa mpira ulio juu ya sahani, kwa sababu unang'ang'ania santuri. Flash alikata kitambaa cha felti kwa ukubwa wa santuri, akakitia wanga na kukipiga pasi mpaka kikakakamaa. Hapo sahani huendelea kuzunguka huku santuri imetulia mkononi.

Sindano kuruka mara nyingi ni kwa sababu uzito wake juu ya santuri ni mdogo. Gramu 3 hadi 4 huwa zinatosha, ila usizidi kiwango cha kichwa chako cha sindano. Tumia ncha ya mviringo. Vidole viende na duara, visikandamize chini. Kubandika sarafu juu ya kichwa kunatuliza sindano kweli, lakini mifereji ya santuri itachimbika na mwanzo wa kipande utaanza kukwaruza.

SWALI: Kama ilianza 1973, mbona santuri za rap zilisubiri hadi 1979?

JIBU: Kwa sababu watu walilipia sherehe yenyewe, na kaseti za sherehe zilizunguka mkono kwa mkono. “Rapper's Delight”, wimbo wa kundi la Sugarhill Gang, ilipotoka mwaka 1979, bendi ilipiga studioni na DJ hakuwemo kabisa. Ukitaka kusikia mikono ya Flash ikifanya haya tuliyoeleza, tafuta “The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel” ya mwaka 1981.