Barua kwa mwanangu: Mimi si yangeyange

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, vitunguu vikaniungulia. Unasema tangu uanze yoga ya alfajiri hapo Pune, India, unajua nani anapiga simu kabla hujaitazama, na mwenzako wa chumbani ulimwambia babake anaumwa, habari ikaja jioni yake. Sasa wenzako watatu wamekufuata uwaambie matokeo ya mtihani. Unauliza: kama wakubwa wa yoga wenyewe wanakubali nguvu hizi zipo, mbona wanawakataza watu kuzifuata?

Kama ni kweli au ni sadfa, hilo simo. Lakini swali lako nalijua, maana miaka ile nasoma Calcutta nilikaa na watu wa mambo hayo, na wakianza kueleza hawamalizi.

Yoga Sutra za Patanjali, kile kitabu cha kale cha yoga, zina sura nne, na sehemu kubwa ya sura ya tatu ni nguvu hizo, wenyewe wanaziita siddhi. Kujua yaliyopita na yajayo, kusoma moyo wa mtu, kutoonekana, kuzima njaa na kiu, kupata nguvu za tembo, kupita juu ya maji, matope na miiba bila kuguswa. Ukisoma mbiombio utadhani uko dukani, unachagua. Kumbe katikati ya kuzitaja anatia neno: kwa ambaye akili yake imeelekea nje haya ni mafanikio, kwa anayetafuta samadhi, ule utulivu wa mwisho wa akili, ni vizuizi. Hakusema ni uongo, wala hakusema ni za shetani.

Sababu iko mapema zaidi kitabuni. Anataja mateso matano ya nafsi, na moja ni asmita, huo umimi wetu. Kazi yote ya yoga ni kuufungua huo umimi kidogo kidogo. Sasa mtu anafungua fundo miaka kumi, siku moja anajua jambo lililofichika, anasema, "Ni mimi niliyejua!" Fundo limerudi, tena limekazwa kuliko lilivyokuwa. Huku kwetu Tanga tumewaona wanaofuga jini la mali: mwanzo jini humlisha mtu, baadaye mtu ndiye anayelilisha jini.

Tukirudi sura ya tatu, Patanjali anaonya kwamba yogi akifika mbali, wakuu wa mbinguni watamwalika kwao. Asivutwe, na asijivune kwa kualikwa. Hilo la pili ndilo gumu. Mtu anaweza kukataa sahani ya pilau, kisha akazunguka mtaa mzima akitangaza kwamba ameikataa.

Na sura ya nne inafunguka kwa kusema siddhi hupatikana kwa kuzaliwa nazo, kwa dawa za miti, kwa mantra, yale maneno matakatifu ya kurudiarudia, kwa kujitesa au kwa samadhi. Kwa hiyo mwenye nazo si lazima awe mtu mwema. Wengine wamekunywa dawa tu.

Kisa alichokuwa akisimulia Ramakrishna, yule kuhani wa hekalu la Kali pale Dakshineswar aliyefariki 1886, nilikisikia nikiwa ndani ya boti, tunavuka mto Hooghly kwenda Belur. Mtu alikaa msituni miaka 14 akijitesa hadi akaweza kutembea juu ya maji. Akamkimbilia guru wake, mwalimu wake wa kiroho, kumweleza. Guru akamwambia: ulichopata kwa miaka 14, wengine hukipata kwa senti moja ya mwenye boti. Aliyenisimulia alikuwa bado anacheka wakati mpiga kasia ananyoosha mkono uliolowa, anadai nauli.

Lakini ninachokipenda zaidi ni cha Kaushika, Brahmana, mtu wa tabaka la makuhani; kimo kwenye Mahabharata, ule utenzi mrefu wa kale wa Wahindi. Amekaa chini ya mti anasoma Veda, maandiko yao matakatifu, yangeyange akamnyea kichwani. Akamtazama kwa hasira, ndege akaanguka, kafa. Akajuta, na nadhani alijuta kweli. Kisha akaenda kuomba chakula nyumba moja. Mama wa nyumba akamwambia ngoja, mara mumewe akaingia na njaa yake, mama akamhudumia yeye kwanza. Kaushika akawaka. Yule mama akamwambia kwa upole: "Mimi si yangeyange." Nani alimwambia habari za ndege? Hana msitu, hana Veda, ana sufuria na mume. Akamwelekeza Mithila, kwa muuza nyama, akajifunze kwake. Yeye Brahmana, aende buchani!

Baba'ngu, kujuta kwake kwa ajili ya yule ndege hakukudumu hata mlangoni pa yule mama. Hao wenzako watatu waambie hujui. Na mwalimu wako mweleze yote haya, umtazame usoni: akifurahi na kuwaita wengine waje wakuone, tafuta kwingine pa kufanyia mazoezi.

Halafu, huyo baba wa mwenzako anaendeleaje? Ujumbe wako ni wa dakika saba na hilo hukulisema.

Mamako