Toyota IST inavuta kushoto na alaimenti haishiki: kagua hivi vya chini kwanza

Mkuu, umesema IST yako imepigwa alaimenti (kunyoosha pembe za tairi) mara tatu ndani ya miezi miwili, bado inavuta kushoto ukikanyaga breki, na tairi ya mbele kushoto inalika ndani. Usirudi kwenye mashine kwanza. Mashine inapima gari ikiwa imetulia. Kama chini kuna kitu kimelegea, vipimo vizuri vinabaki kwenye karatasi, tairi inaenda inakotaka. Halafu IST mbele inarekebishwa too tu, yaani tairi kuangalia ndani au nje. Kemba (tairi kulala ndani au nje kwa juu) na kasta (mhimili wa kukatia kona kulala mbele au nyuma) hazina pa kurekebishia, hivyo zikitoka kwenye kiwango ujue kuna kitu kimechakaa, kimepinda au kimehama.

Pima upepo, uwe sawa pande zote. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Ikiwa laini ukienda na inakwaruza ukirudi, au kinyume chake, hiyo ni too. Ikiwa imelika ndani tu bila makali, shuku kemba. Ikiwa na mabonde mabonde, angalia shokapu.

Kwa kuwa inavuta kwenye breki, mimi ningeanza na bushi (raba ya kiungo) ya nyuma ya lowa amu (mkono wa chini unaoshika tairi) ya kushoto, ile kubwa. Ndiyo inayozuia tairi isirudi nyuma. Raba ikichanika, ukifunga breki amu inarudi, kasta ya upande huo inapungua na usukani unafuata huko. Jaribu hivi: mtu aendeshe polepole kama mwendo wa kutembea, afunge breki, kisha arudi rivasi na kufunga tena. Wewe simama ubavuni, usimame mbele hata kidogo, uangalie nafasi kati ya tairi na mdomo wa fenda. Linganisha na kulia. Baadaye ingiza mtaimbo kati ya amu na sabufremu (fremu ndogo ya chini inayobeba amu), ubinue. Raba kujinyoosha kidogo ni kawaida, na nyufa nyembamba za juu juu si kosa. Kosa ni ufa unaofunguka mpaka ndani, au raba iliyobanduka kwenye chuma.

Breki nazo zisisahaulike: pistoni ya kalipa (kibano cha breki) iliyokwama upande mmoja inavuta vilevile.

Sasa inua gari kwa jeki kwenye bodi, weka stendi, tairi ining'inie. Shika tairi juu na chini (saa 12 na saa 6), tikisa. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukiisha ni wiliberingi (beringi ya tairi), ukibaki ni boljointi (kiungo kinachounga amu na tairi). (Hilux au Prado ni tofauti, springi inakaa juu ya lowa amu, kwa hiyo jeki iwekwe chini ya amu yenyewe, la sivyo boljointi inabanwa na mchezo hauonekani.) Kisha shika ubavuni pande mbili (saa 3 na saa 9), tikisa, uangalie tairodi (fimbo inayogeuza tairi). Reki endi (kiungo cha ndani cha tairodi) imejificha ndani ya buti la raba. Ishike kwa kulibana buti, huku mtu akitikisa usukani kidogo kidogo, tairi zikiwa chini na injini inawaka. Kiungo kibovu utakisikia kikigonga kwenye vidole.

Hivyo vyote vikiwa vizima na kemba bado haifanani, chukua futi, pima kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye mwili wa shokapu, kushoto na kulia. Tofauti inaonyesha shokapu au nako (kipande kinachobeba tairi) imepinda, mara nyingi kwa shimo. Zikilingana, tafuta kwenye amu na sabufremu.

Kwenye kufunga ndipo kazi nyingi huharibika. Boliti za bushi zisikazwe gari ikining'inia. Zishike kwa mkono, shusha gari chini, itikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Zikikazwa juu, raba inabaki imejisokota na itachanika mapema, nawe utarudi kuuliza swali hilihili. Ukibadilisha bushi, fanya pande zote mbili.

Baada ya hapo ndiyo alaimenti. Wakimaliza, waombe wasukume gari nyuma na mbele kidogo, wapime upya kabla ya kutoa vichwa vya mashine vinavyofungwa kwenye tairi. Namba zikibadilika waziwazi, bado kuna mchezo mahali fulani.