Kutafuta maisha au kutafuta uhai?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu roboti yenye umbo la nyoka. Niliandika: "Utafutaji wa maisha nje ya Dunia umezaa usanifu wa asili." Mhariri kanirudishia, anasema haieleweki. Kosa liko wapi?

JIBU: Sarufi haina kasoro. Shida ni kwamba sentensi yako inasomeka kama habari ya kijana aliyekwenda Dubai kutafuta maisha, akarudi kujenga nyumba ya msonge.

Kutafuta maisha ni kuhangaikia riziki. Anayetoka Sumbawanga kwenda Dar es Salaam huaga hivyo hivyo. Maisha ni namna ya kuishi, au muda wake: maisha magumu, maisha ya ndoa, maisha marefu. Hali ya kuwa hai, kinyume cha kufa, ni uhai, na ndiyo wanayoitafuta wanasayansi, hata ikiwa ni ya kijidudu kimoja. Utaniambia watangazaji husema watu "wamepoteza maisha". Kweli, na sina ugomvi na msemo huo. Ila kwenye kutafuta, riziki hutangulia akilini.

"Asili" ina mtego mkubwa zaidi. Dawa za asili, ngoma za asili, mbegu za asili: zote ni za tangu jadi. Kwa hiyo "usanifu wa asili" humletea msomaji picha ya udongo na makuti. Roboti yako, kama ni ile EELS ya maabara ya JPL ya NASA, haina ujadi wowote. Ina urefu wa mita 4 hivi, na ilibuniwa ili ijipenyeze kwenye nyufa za barafu za Enceladus, mwezi wa Zohali ambao mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliuona ukirusha mvuke wa maji. Umbo wamelichukua kwa nyoka, basi taja huko kuchukua: "usanifu wa kuiga viumbe". Usitie chumvi lakini. Roboti hiyo husogea kwa pingili zenye skrubu zinazozunguka, na nyoka gani ana skrubu?

Mimi ningeandika: "Kutafuta uhai nje ya Dunia kumechochea usanifu wa kuiga viumbe."

Angalia na ngeli. "Roboti hii inatambaa" ni sawa, lakini ukishaiita nyoka wa chuma, upatanisho unahama: "nyoka huyu wa chuma anatambaa". Chagua njia moja katika kila sentensi, mhariri wako asije akakurudishia tena.