Jibu: Pa kuanzia pendekezo la stesheni ya kubadilishia treni Namanve

Habari za leo, ndugu. Umesema barua yako ya kupendekeza stesheni hiyo haikujibiwa, nawe unataka abiria wa treni ya Kampala–Namanve waweze kuhamia reli mpya ya SGR (reli ya kiwango cha kimataifa) ya Malaba–Kampala, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2024.

Kwanza tafuta ramani ya njia ya SGR uhakikishe inapita karibu na mahali unapopataka. Kisha zingatia upana wa reli: ile ya zamani, ya treni ya Namanve, ni milimita 1,000 na SGR ni 1,435, hivyo treni hazitatumia njia moja, na mchoro wako ni lazima uoneshe umbali ambao mama mwenye mzigo na mtoto mgongoni atatembea kutoka jukwaa hadi jukwaa, hata mvua ikinyesha. Nilipoomba kivuko cha waenda kwa miguu mtaani kwetu, niliulizwa mambo mawili tu: mchoro, na ardhi ni ya nani.

Ratiba nazo zipatane, la sivyo anayeshuka adhuhuri ataishia kupanda bodaboda.

Liandikie Shirika la Reli la Uganda, nakala kwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi na wilaya husika, kwani Namanve iko nje ya mipaka ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala.